Mashine Iliyomkataa Shangazi

Walisema sitaweza hata kujaza fomu ya pasipoti. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, sikatai. Tangu shule ya msingi walimu waliufananisha na nyayo za kuku aliyetoka kwenye tope. Kwa hiyo siku nilipotangaza pale Sekei, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, kwamba naacha kuuza viatu vya mtumba na nakwenda India kusomea kompyuta, mwenye duka, mzee wa Kilimanjaro aliyehamia Arusha zamani, aliweka kikombe chake chini akaniuliza kama huko India kuna karani wa kunijazia fomu. Watu wakacheka. Fundi cherehani kutoka kule Maji ya Chai, aliyekuwa amekuja kununua bawaba, akasema fomu nitajaza na India nitafika, ila nitakachorudi nacho ni lafudhi tu.

Leo stashahada yangu imetundikwa ukutani ofisini kwangu, ndani ya fremu ya mninga, na kila anayeingia lazima aipite kabla hajafika kwenye kiti. Niliitundika hapo kwa makusudi. Mtu aliyesoma kwa kuosha masufuria ya wanafunzi wenzake ana haki ya kuchagua mahali pa kutundika karatasi yake. Na kazi iliyonipa jina katika mji huu ni kazi ya kutambua watu kwa mwandiko. Mimi, wa nyayo za kuku.

Lakini niwatendee haki watu hao: walionicheka ndio walionikopesha. Mwenye duka alitoa huku akisema anaiaga hela yake. Fundi cherehani alitoa kidogo, kwa sharti kwamba nisimwambie mke wake. Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima na wafugaji wa Oldonyo Sambu, kule kaskazini mwa Mlima Meru ambako ndiko kwetu. Wa nne, aliyetoa kuliko wote watatu wakiunganishwa, alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane anayeishi huko huko na ng'ombe wake. Aliuza madume mawili. Baada ya kunikabidhi hela alitoa daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika kiasi, akanisukumia kalamu.

"Andika hapa," alisema. "Mdomo unasahau."

Nikasaini. Naye akaandika jina lake chini ya langu, majina yote matatu, kwa herufi zilizosimama wima kama alivyofundishwa kwenye madarasa ya watu wazima alipokuwa na watoto wawili na wa tatu mgongoni. Ilimchukua muda mrefu, nami nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la mjini. Sikujua kwamba siku moja nitalipwa kwa kumtazama akiandika jina hilo.

India nilikaa miaka mitano. Miwili ya stashahada, mitatu nikiwa nimeajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza programu za kutambua saini kwa ajili ya mabenki. Katika chumba chetu tulikuwa tisa, na nasema bila aibu kwamba hakuna aliyeelewa kazi ile haraka kuliko mimi. Watu wengi hudhani mashine ya namna hiyo inatazama umbo la saini, kama karani wa benki anavyotazama kwa miwani. Umbo ni sehemu ndogo. Mtu anaandika kwa kalamu maalumu juu ya kishikwambi, na mashine inapima mwendo wa mkono: wapi umekimbia, wapi umepunguza kasi, wapi kalamu imekandamiza, imenyanyuka mara ngapi. Mwizi anaweza kuiga umbo baada ya kufanya mazoezi wiki nzima. Mwendo ni mgumu kuiga, kama vile huwezi kuiga namna mtu anavyotembea ukiwa umeonyeshwa viatu vyake tu.

Niliporudi, mwenyekiti yule alinitafuta mwenyewe. Chama chake kilikuwa na tatizo. Mjukuu wa mwanachama mmoja alikuwa ameghushi saini ya babu yake na kuchukua akiba yote. Walifikiria alama za vidole, lakini kila mtu wa kule anakumbuka taabu ya kusajili laini za simu: wazee waliolima na kukamua miaka hamsini walikuwa wakikandamiza vidole kwenye kile kioo hadi jasho linawatoka, na kioo hakioni kitu. Vidole vilikuwa vimelainika kama mawe ya mtoni. Nikamwambia mwenyekiti kwamba dawa ni saini, na mwenye dawa ni mimi. Nikamwambia pia kwamba mashine yangu haidanganyiki. Tukaandikiana mkataba wa miaka minne. Malipo ya miaka hiyo yangeliwa na vifaa, umeme wa jua na mishahara ya vijana wangu wawili. Faida yangu ilikuwa kwenye mkataba wa pili. Nilikwenda kwa kila aliyenikopesha nikamwambia hivyo hivyo: mkataba ukirudiwa, nakulipa yote kwa siku moja.

Siku ya kuandikisha saini wanachama walikuja wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Nilisimama mbele yao na suti yangu ya India, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sikulijua kwa miaka minne. Wazee wengi hawakuwa na saini. Walikuwa na majina. Walijua kuandika jina zima, herufi baada ya herufi. Nami, mtu niliyetoka nje, niliona ule ni ushamba. Niliwaambia saini ya kisasa ni fupi, inapinda, haisomeki. Nikawachorea mifano ubaoni. Wakakaa kwenye mabenchi wakifanya mazoezi kwenye makaratasi, wakichekana, huyu anamwambia mwenzake saini yake inafanana na mkia wa mbuzi, yule anasema yake ni ya waziri. Shangazi nilimtengenezea mimi mwenyewe: herufi ya kwanza kubwa, kisha mviringo mmoja, kisha mstari unaokimbilia kulia. Ilikuwa saini nzuri. Aliifanyia mazoezi asubuhi nzima, akaiweka kwenye mashine mara tano, zote zinafanana.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wa pili pia. Wa tatu, karani wa chama, binti mtulivu na mwenye mkono mwepesi, alianza kunipigia simu: mzee fulani amekataliwa, bibi fulani amekataliwa. Nilimjibu kwamba warudie polepole. Mwaka wa nne wazee waliokuwa wakikataliwa walizidi vidole vya mikono yangu miwili. Kanuni ya chama ilisema ukikataliwa mara tatu huchukui kitu hadi kamati ikae, na kamati inakaa mara moja kwa mwezi.

Nilikuwa kwenye ofisi ya chama nikibadilisha betri siku shangazi alipokuja. Kiangazi kilikuwa kimeuma, alitaka hela ya pumba na mashudu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akaichora saini niliyompa. Nikaona ncha ya kalamu ikitetemeka kwenye mviringo, na ule mstari uliotakiwa kukimbia ukatambaa. Mashine ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Mara ya tatu alishikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, na ikakataa.

"Inasemaje?" akauliza.

Karani aliniangalia mimi kwanza. "Inasema siyo wewe, bibi."

Shangazi akalaza kalamu juu ya meza bila kelele. "Iambie mimi ndiye niliyeilipia nauli," alisema, akajifunga shuka lake vizuri, akatoka.

Hela ya pumba nilimpa kutoka mfukoni mwangu na aliikataa. Alisema ana hela yake ndani ya nyumba ile na anataka hiyo.

Jioni ile mwenyekiti aliniita. Hakupandisha sauti, ni mtu anayepunguza sauti anapokasirika. Alisema wanachama wanauliza kwa nini wamelipia mashine inayowazuia wenye mali. "Ulituambia haidanganyiki," alisema. "Ni kweli, mwanangu. Haidanganyiki hata kidogo. Hata ukiiambia ukweli inakataa." Akanipa muda hadi mkutano mkuu, wiki sita. Wazee wakiendelea kukataliwa, mkataba haurudiwi. Hakuhitaji kunikumbusha kwamba mkataba ukifa, yeye mwenyewe, mzee wa duka, fundi na shangazi wangeendelea kunisubiri, na kile kibaraza cha Sekei kingekuwa na kicheko cha pili.

Nilianza na njia ya mkato, kama kila fundi. Mashine ina kiwango cha kufanana. Ukikishusha inakuwa mpole. Nikakishusha hadi ile saini ya shangazi iliyotetemeka ikapita. Kisha nikampa karani kalamu, nikamwambia aige saini ya shangazi kwa kuitazama tu. Mara ya kwanza alishindwa. Ya pili akapita. Binti wa watu alirudisha kalamu haraka kama imemchoma. Nikakirudisha kiwango palepale kilipokuwa. Mashine inayomkubali kila mtu si mashine, ni mlango ulioachwa wazi.

Nikapanda Oldonyo Sambu na begi la nguo, nikakaa kwa shangazi. Kwa ndani nilikuwa nimeudhika. Nilijua hesabu zangu ni sahihi; kosa, nilidhani, liko kwenye mikono yao.

Asubuhi ya pili niliamka na baridi ile ya kule inayokuja na upepo, nikatoka nje na kikombe cha chai. Mchukua maziwa alikuwa amefika na pikipiki yake, mitungi imefungwa pande zote mbili. Ni mtu wa makamo, amekuwa akibeba maziwa ya maboma yale tangu akitumia baiskeli.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia shangazi, kama watu wa kule wanavyomwamkia mama.

"Iko," shangazi akaitikia kwa Kimaasai hicho hicho.

Akapima maziwa, akaandika lita kwenye daftari linalokaa kwa shangazi, akaliweka juu ya siti ya pikipiki. Shangazi akachukua kalamu akiwa amesimama, bila miwani, mkono wa kushoto umeshika ndoo, akasaini. Hakuchora mviringo wala mstari unaokimbia. Aliandika majina yake yote matatu, herufi zimesimama wima. Yalikwenda polepole, lakini hayakusita popote.

Nikamuuliza kwa nini haitumii ile saini niliyompa.

"Ile ni ya ofisini kwako," alisema. "Hii ni ya maziwa yangu."

"Ile anaivaa kama viatu vya Jumapili," mchukua maziwa akaongeza. "Vinambana, lakini ni zawadi, afanyeje?"

Sikucheka. Nilimwomba shangazi anionyeshe daftari zake za zamani, kwa kuwa nilijua hatupi karatasi. Akanifungulia sanduku la bati chini ya kitanda. Daftari za maziwa zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani, miaka kwa miaka, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa na jina lake. Nilisoma India miaka miwili na sikuwahi kuona hazina kama ile. Mkono wa mtu mmoja ukizeeka mbele ya macho yako, asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna aliyekusudia kuuhifadhi.

Nilizipanga kitandani. Katika daftari la mwanzo herufi zilikuwa ndogo na zimebanana, zimekandamizwa hadi karatasi imetokeza upande wa pili. Katikati zikaanza kukua. Kisha mkandamizo ukapungua, mstari ukaanza kuteremka kuelekea kulia, na kwenye jina la pili kalamu ikawa inanyanyuka mahali ambapo zamani haikunyanyuka, kama mtu anayepumzika kwenye kilima alichokuwa akikipanda bila kusimama. Katika daftari la mwisho mistari mirefu ilikuwa na mawimbi madogo. Lakini njia haikubadilika. Herufi aliyoanzia chini kwenda juu akiwa kijana, bado aliianzia chini. Nukta aliyoiweka baada ya jina la kwanza, bila sababu yoyote ambayo mwalimu angeikubali, ilikuwapo kwenye kila ukurasa.

Kesho yake nilimuuliza mchukua maziwa kama saini ya shangazi imebadilika tangu aanze kuchukua maziwa pale. Alishangaa kuulizwa. Alisema haijabadilika hata kidogo, angeitambua gizani. Nikamwekea daftari la mwanzo mkononi, limefunikwa sehemu ya juu ili asione mwaka. Alilitazama, akalisogeza mbali, akavua kofia.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Hapo nilielewa, na nilielewa vizuri kuliko ambavyo ningeelewa kwa kitabu. Mtu yule hakuwahi kulinganisha jina la leo na la miaka kumi iliyopita. Alililinganisha na la jana, na jana na leo hazitofautiani. Mashine yangu ilikuwa ikimwomba mwanamke mzee afanane na mkono aliokuwa nao siku moja, amevaa nguo za kanisani, akichora kitu nilichomfundisha asubuhi ile ile. Uzee ukija unachukua kwanza vilivyojifunzwa mwisho. Saini niliyomtengenezea ilikuwa na umri wa miaka minne tu mkononi mwake. Jina lake lilikuwa na zaidi ya arobaini.

Nilipomwambia shangazi kwamba nilikosea kumbadilishia saini, alikuwa anachambua maharage. Alisema alijua.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umevaa suti," alisema.

Kazi niliyoifanya wiki zilizofuata naihesabu kuwa bora kuliko yote niliyowahi kufanya, na sijui wengi hapa nchini ambao wangeifanya peke yao. Kwanza, tuliandikisha upya kila mzee kwa mwandiko wake mwenyewe: anayeandika jina zima aandike jina zima, hata likichukua dakika mbili. Na hatukuandikisha mara tano kwa siku moja. Kila mtu alikuja siku tano tofauti, maana mkono wa asubuhi ya baridi si mkono wa mchana, na mkono uliotoka kukamua si mkono uliopumzika. Pili, niliifundisha mashine kazi ya mchukua maziwa. Kila saini inayokubaliwa inaingia kwenye kumbukumbu na kuitoa iliyo ya zamani kuliko zote, hivyo mzee analinganishwa na mkono wake wa karibuni. Anayekaa miezi bila kufika, au aliyeugua, anakuja na jirani mwanachama anayemjua. Jirani anasaini kwanza, kisha mzee anachukuliwa saini mpya mbele ya karani. Na kuandika polepole hakukuwa tena sababu ya kumkataa mtu. Nilipunguza uzito wa kasi, nikaongeza uzito wa njia: kalamu imeanzia wapi, imegeukia wapi, nukta imewekwa lini.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alitaka jaribio mbele ya watu, nami nilitaka vivyo hivyo. Wale wazee waliokuwa wamekataliwa walisaini mmoja mmoja, na shangazi akaitwa mwisho. Aliandika majina yake matatu, na katikati ya jina la pili kalamu yake ikanyanyuka, ikapumzika, ikaendelea. Mashine ikamkubali. Kisha nikampa karani daftari la maziwa la mwezi ule, nikamwambia aige. Alikuwa ameifanyia mazoezi siku tatu kwa ombi langu, na umbo lake lilikuwa zuri kuliko la shangazi mwenyewe. Ikamkataa mara tatu. Herufi ile ambayo shangazi huianzia chini, yeye aliianzia juu, kama wanavyofundishwa watoto wa siku hizi.

"Sasa imepata adabu," mwenyekiti alisema, akauliza wanaokubali mkataba urudiwe wanyooshe mikono.

Malipo ya mkataba mpya yalipoingia, nilichagua Jumamosi moja. Nilianzia Maji ya Chai kwa fundi cherehani, nikamlipa mbele ya mke wake, naye akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikarudi Sekei. Mzee wa duka alihesabu mara mbili, akauliza kama India wanafundisha pia kuchelewesha deni, kisha akaagiza chai ya watu wote waliokuwa kibarazani na akawaambia yeye alijua tangu mwanzo. Sikumpinga. Oldonyo Sambu nilipita kwa mwenyekiti, kisha nikaenda kwa shangazi nikiwa na blanketi, sukari na majani ya chai, maana hela ya mkubwa hairudishwi kwa mikono mitupu.

Alipokea bahasha akaiweka pembeni bila kuifungua. Akatoa lile daftari la bluu, akafungua ukurasa ule, akanisukumia kalamu. Nikasaini chini ya saini yangu ya zamani. Alivaa miwani, akazitazama zote mbili kwa muda. Ile ya juu ilikuwa na papara, imeruka mstari, ya kijana anayewahi gari. Ya chini ilikuwa nzito na imelala.

"Mashine yako ingekukataa," alisema.

"Ingenikataa, shangazi."

Akaandika majina yake matatu chini yangu, na nukta yake. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia, akaufungua, akatemea mate kidogo katikati ya kiganja, kama wazee wetu wanavyombariki mtu, akaukunja akanirudishia.